ZANA ZA MWENYE BAISKELI: ZIJARIBU NYUMBANI KABLA HUJAONDOKA

Wazee walisema, Mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ni ya haki kwa mtu mvivu atafutaye sababu ya kutoingia shambani. Lakini mwenye baiskeli asiichukue kuwa sheria yake. Yeye asipochagua zana zake kwa makini, siku moja zana hizo zitamwacha njiani, naye ataikokota baiskeli kwa miguu huku wenzake wakimpita.

Katika mtaa wa Fedha, upande wa mashariki wa Nairobi katika eneo la Embakasi, yuko jirani yetu mmoja achumaye riziki yake kwa kuuza mayai. Kila siku alfajiri huyafunga mayai katika trei juu ya keria ya baiskeli yake nzito nyeusi, ile ambayo watu wa Kenya huiita Black Mamba, akayapeleka kwa wenye vibanda vya chai huko Tassia na Pipeline. Kazi hii ni ya saa. Mwenye kibanda huyataka mayai kabla ya saa kumi na mbili, ili wafanyakazi waendao Eneo la Viwanda wapate kula wakiwa njiani. Akiyakosa hukaa hangojei. Huyanunua kwa mwingine.

Jirani huyo si mtu wa kupuuza mambo. Alikuwa amenunua zana ya kukunja, yaani chombo kidogo kinachokunjwa kama kisu cha mfukoni, chenye bisibisi na funguo za namna nyingi ndani yake. Aliyemwuzia alimhesabia vichwa 18. Jirani yetu alifurahi, akaitia mfukoni, akaamini kwamba amekwisha jikinga na kila balaa.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku, nati ya ekseli ya gurudumu la nyuma ililegea. Uzito wa mayai ukalivuta gurudumu upande, tairi likaanza kusugua fremu, na mnyororo ukaanguka. Hii ni kasoro ndogo. Mtu mwenye spana inayoingia katika nati ile huimaliza kwa dakika tano. Jirani yetu alitoa zana yake, akafungua kichwa cha kwanza, akafungua cha pili, akaendelea hivyo hata cha kumi na nane. Hapakuwa na kimoja kilichoikamata nati ile. Fundi wa kando ya barabara alikuwa bado hajafika. Basi akaikokota baiskeli katika matope ya udongo mweusi, akiogopa kila hatua kwamba trei zitaanguka. Alipofika vibandani ilikuwa saa mbili na nusu. Wateja wake wawili walikuwa wamekwisha nunua mayai kwa mchuuzi mwingine, na mmoja wao hakurudi kwake tena.

Jioni alituonyesha zana ile. Ilikuwa safi, iking'aa, wala haikuwa na ubovu wowote. Kosa lilikuwa moja tu: ilitengenezwa kwa ajili ya baiskeli za namna nyingine.

Basi neno tutakalo kulieleza ni hili. Zana bora si ile yenye vichwa vingi, bali ni ile ambayo kila kichwa chake kina kazi katika baiskeli yako, na ambayo umekwisha ijaribu nyumbani kabla haijahitajiwa njiani.

ITAZAME BAISKELI KWANZA

Kabla ya kwenda dukani, ipindue baiskeli yako magurudumu juu, uchukue karatasi na kalamu, uandike kila nati na kila bolti unayoiona: iko wapi, ina umbo gani, na ukubwa wake ni milimita ngapi. Ukubwa wa nati hupimwa kutoka ubavu mmoja bapa mpaka ubavu unaoukabili, wala si kutoka pembe hata pembe. Kama huna kipimo, mwendee fundi wa mtaani wakati ambapo hana kazi nyingi, umwombe akuruhusu kujaribu spana zake moja moja. Kazi yote haizidi nusu saa.

Baiskeli zitumikazo sana kwetu ni za namna tatu, na kila moja ina haja zake.

Ya kwanza ni baiskeli nzito ya fremu nyeusi, yenye breki za vyuma virefu na magurudumu ya inchi 28. Hiyo hufungwa kwa nati zenye pembe sita kwa nje. Nati za ekseli aghalabu ni za milimita 15, lakini zipo za 14 na za 17. Nati ndogo za breki, za madigadi na za keria nyingi ni za 8 au 10. Baiskeli kuukuu zilizotoka Uingereza huweza kuwa na nati zilizopimwa kwa inchi, na spana ya milimita huikaribia tu isiikamate barabara. Ndiyo sababu twasema, jaribu, usikisie.

Ya pili ni baiskeli ya gia, ambayo wengi huiita baiskeli ya mlimani. Nyingi za namna hii huuzwa Nairobi zikiwa mitumba kutoka ng'ambo. Bolti zake zina tundu la pembe sita kwa ndani, nazo hufunguliwa kwa ufunguo wa aleni, yaani kijiti cha chuma chenye pembe sita. Ukubwa unaotakiwa zaidi ni 4, 5 na 6, na wa 5 ndio mfalme wao, kwa kuwa aghalabu ndio ufungao usukani, kiti na nyaya za breki. Ufunguo wa 8 hutumika kwa krenki na kwa pedali nyingine, na midogo ya 2, 2.5 na 3 hutumika kurekebisha vitu vidogo. Bisibisi ya msalaba pia yatakiwa, kwa ajili ya skrubu za kuiongoza gia isivuke mpaka wake.

Ya tatu ni baiskeli ya gia yenye breki za sahani. Sahani nyingi hufungwa kwa bolti sita zenye tundu la umbo la nyota, liitwalo T25. Ufunguo wa aleni hauingii humo. Ukiulazimisha utaharibu tundu, na bolti haitatoka tena kwa amani.

Baada ya kuandika orodha hiyo, wewe sasa una kipimo cha kuhukumia zana yoyote utakayoonyeshwa. Muuzaji akikuhesabia vichwa 18, wewe hesabu vile vilivyomo katika karatasi yako tu. Huenda ukakuta ni vitano.

MPINI NA CHUMA

Yapo mambo mawili ambayo mnunuzi hayaoni kwa macho mara ya kwanza, nayo ni urefu wa mpini na ugumu wa chuma.

Nguvu ya kukaza nati hutokana na uzito wa mkono ukizidishwa kwa urefu wa mpini. Nati ya ekseli ya nyuma, au pedali, huhitaji nguvu ya nyutoni-mita 40 hivi. Ukiwa na spana yenye urefu wa sentimita 20, ni sawa na kuning'iniza kilo 20 kwenye ncha yake, jambo ambalo mtu mzima hulifanya pasipo taabu. Lakini ukiwa na zana ya kukunja yenye urefu wa sentimita 10, itakupasa kuweka kilo 40, tena juu ya chuma chembamba kinachoumiza kiganja. Kwa hiyo zana fupi hufaa kwa bolti ndogo za usukani na kiti, ambazo nyingi hukazwa kwa nyutoni-mita 5 au zaidi kidogo. Haifai kwa ekseli wala kwa pedali. Hii ndiyo sababu zana nyingi za kukunja hazina kichwa cha 15. Watengenezaji hawakusahau, walijua kwamba mpini hautoshi.

Basi mwenye baiskeli nzito, au mwenye gurudumu lolote lifungwalo kwa nati, achukue pamoja naye spana kamili inayolingana na nati zake za ekseli. Baiskeli ambayo gurudumu lake hufunguliwa kwa kuvuta wenzo kwa mkono haihitaji spana hiyo kwa gurudumu.

Wazee wetu wengi waijua ile spana fupi ya zamani yenye umbo la mfupa, ambayo ncha zake mbili zina matundu mengi ya pembe sita, madogo kwa makubwa. Hiyo nayo ni zana ya kazi nyingi, tena ilikuja kabla ya hizi za kukunja. Ni imara na ya bei nafuu, nayo yaweza kulegeza nati nyingi za baiskeli nzito. Walakini ina ila mbili: vichwa vyake ni vinene, haviingii mahali pembamba, na mpini wake ni mfupi. Ipo pia spana ya mdomo unaopanuka na kufumba, ambayo moja huweza kufanya kazi ya spana nyingi. Ukiitumia, kaza mdomo wake mpaka uishike nati pasipo kucheza, la sivyo utazila pembe za nati.

Kuhusu chuma, tafuta maandishi Cr-V, maana yake chuma kilichochanganywa na kromiamu na vanadiamu ili kiwe kigumu. Lakini usiamini maandishi peke yake, kwa kuwa ni rahisi kuyachonga juu ya chuma chochote. Tazama pembe za ufunguo: ziwe kali na zilizonyooka, zisiwe za mviringo. Tia ufunguo katika bolti ya baiskeli yako ukiwa ungali dukani. Uingie kwa kubana kidogo, usicheze kushoto na kulia. Chuma laini hujikunja au huchakaa pembe, na huenda pia kikaharibu tundu la bolti. Hapo utakuwa umenunua zana kwa bei ndogo na kuiharibu baiskeli kwa bei kubwa.

Tena tazama kama kichwa cha zana kinafika mahali penyewe. Zana ya kukunja ina mwili mnene, na pengine mwili huo hugonga fremu kabla ya kichwa kufika kwenye bolti. Jaribu bolti ya kiti na ile ya breki kabla hujatoa fedha.

MNYORORO UKIKATIKA

Zana nyingine za kukunja zina kifaa cha kusukumia pini ya mnyororo. Kifaa hicho ni cha thamani kubwa kwa mwenye baiskeli ya gia, kwa sababu mnyororo ukikatika mbali na mji hakuna kamba wala waya utakaoweza kuushika.

Lakini hapa nako kuna mtego. Mnyororo wa baiskeli nzito isiyo na gia ni mpana. Nafasi yake ya ndani ni sehemu moja ya nane ya inchi. Mnyororo wa baiskeli ya gia ni mwembamba kuliko huo. Vifaa vingi vidogo vimetengenezwa kwa mnyororo mwembamba, na ule mpana hauingii. Kwa hiyo uujaribu.

Namna ya kutumia ni hii. Weka kiungo kilichovunjika katika kifaa, zungusha skrubu polepole mpaka pini isukumwe, lakini usiitoe nje kabisa katika mnyororo wa kawaida, maana kuirudisha ni kazi ya taabu. Ondoa kiungo kibovu, unganisha vilivyo vizima, kisha pindisha mahali palipounganishwa huku na huku mpaka palainike. Kwa minyororo myembamba ya gia 10 au 11, usirudishe pini ya zamani. Tumia kiungo cha haraka kinacholingana na mnyororo wenyewe. Kiungo hicho ni kidogo kama punje ya maharagwe, na kila mwenye baiskeli ya gia yampasa kuwa nacho kimoja.

Mnyororo ukiisha kufupishwa, uendeshe kwa upole, wala usiulazimishe kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma kwa pamoja, kwani huenda usitoshe ukavunja kibadilisha gia.

Mnyororo wa baiskeli nzito kwa kawaida huunganishwa kwa kiungo chenye klipu. Unapoirudisha klipu, upande uliofumba utangulie kule mnyororo unakokwenda, na mdomo wazi ubaki nyuma. Ukiiweka kinyume, jiwe au kijiti huweza kuibandua.

PANCHA HAINA HAJA NA VICHWA 18

John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, alipokuwa akikaa Belfast. Tangu wakati huo waendesha baiskeli wamepata raha ya kukaa juu ya upepo, na wamepata pancha pamoja nayo. Katika matatizo yote ya njiani, pancha ndiyo ya kawaida zaidi. Shambani ni mbigili na miiba ya migunga. Mjini ni vipande vya chupa na nyuzi nyembamba za chuma zitokazo katika matairi ya magari yaliyochakaa au kuchomwa.

Zana ya kukunja peke yake haiwezi kuziba tundu. Vitu vinavyotakiwa ni vijiti viwili vya kubandulia tairi, viraka, gundi ya viraka, kipande cha msasa, na pampu. Hivyo vitano ni vya lazima kuliko zana yoyote ing'aayo. Mtu mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu, na aanze na hivi.

Watu wengi hudhani kwamba ni lazima kulitoa gurudumu. Sivyo. Mafundi wetu wa kando ya barabara hulaza baiskeli, wakabandua upande mmoja wa tairi, wakaitoa tyubu mahali penye tundu tu, gurudumu likiwa palepale. Jaza upepo kidogo, sogeza tyubu karibu na sikio au mdomo usikie upepo unakotoka, au uitie katika maji kama yapo, ukitazama povu.

Kabla ya kubandika kiraka, pitisha vidole polepole ndani ya tairi na utafute mwiba au waya uliotoboa. Hapa ndipo wengi hukosea: huziba tundu, wakaacha mwiba, na baada ya mita mia upepo umetoka tena. Kisha kwaruza tyubu kwa msasa mpaka weusi wake ufifie, paka gundi nyembamba pana kuliko kiraka, ungoje dakika chache mpaka gundi ising'ae tena. Usiwe na haraka; gundi mbichi haishiki. Bandika kiraka, kibane kwa nguvu kutoka katikati kwenda pembeni. Nyunyiza vumbi jembamba juu yake ili tyubu isigandamane na tairi.

Angalia pia valvu yako. Ipo pana kama ya gari, ipo nyembamba yenye kinati kidogo juu, na ipo ile ya zamani ambayo ndani yake mna kipande cha mpira kama mrija. Pampu yako ni lazima iingie katika valvu yako. Mwenye valvu ya zamani na achukue kipande kimoja cha mpira huo katika akiba, kwa kuwa kikipasuka upepo hautakaa hata kama tyubu ni nzima. Na bomba la gundi likiisha kufunguliwa mara moja hukauka upesi. Litazame kila mwezi, usije ukalikuta jiwe siku ya haja.

NJIA NDIYO IKUAMBIAYO

Mtu wa Fedha aendaye Donholm au Eneo la Viwanda hupita mahali penye mafundi wengi. Kwake yeye yatosha kuwa na spana ya ekseli, vitu vya pancha, na ufunguo wa bolti zake kubwa. Mambo mengine fundi atayafanya. Shida yake ni saa za alfajiri na usiku, wakati mafundi wamefunga, na mahali penye giza ambapo si vema kusimama muda mrefu. Kwa hiyo taa ndogo ya kuvaa kichwani ni zana pia, maana mikono miwili haiwezi kushika spana, nati na tochi kwa wakati mmoja.

Lakini siku hizi vijana wengi wa mjini huendesha baiskeli kwa matembezi na mazoezi. Wengine huingia katika njia za Msitu wa Karura, na wengine hufika Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate karibu na Naivasha, ambako wageni huruhusiwa kuendesha baiskeli mahali walipo pundamilia na swala. Huko hakuna fundi. Mwendaji wa njia hizo na awe na zana kamili ya kukunja, yenye kifaa cha mnyororo, pamoja na tyubu nzima ya akiba, kiungo cha haraka, na ufunguo wa spoki. Chupli za spoki si za ukubwa mmoja. Zilizo za kawaida ni milimita 3.23, 3.30 na 3.45, na ufunguo uliolegea utazikwangua pembe. Spoki ikikatika, izungushe kwenye jirani yake isije ikanasa katika fremu, kisha legeza au kaza zile za karibu robo mzunguko tu, mpaka rimu isiguse breki.

Na mtu wa shambani, ambaye duka lake liko kilomita 20, yeye yu karibu zaidi na huyu wa porini kuliko wa mjini, ijapokuwa baiskeli yake ni ile nzito. Kwa hiyo spana zake ziwe kamili, na awe na nati moja au mbili za akiba, kwa sababu nati ikianguka katika mchanga haionekani tena.

MKONO ULIOZOEA

Mwaka 1913, katika mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa yaitwayo Tour de France, mwendeshaji Eugène Christophe alivunjikiwa na uma wa mbele alipokuwa akiteremka mlima Tourmalet. Sheria za siku zile zilimkataza mshindani kusaidiwa na mtu yeyote. Christophe aliibeba baiskeli yake kwa miguu zaidi ya kilomita 10 mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia katika kiwanda cha mhunzi, akaunga uma kwa mikono yake mwenyewe huku waamuzi wakimwangalia. Wakamwadhibu bado, kwa kuwa mvulana mmoja alimvutia mivukuto. Alipoteza saa kadhaa pamoja na tumaini la ushindi, lakini aliendelea na safari. Kilichomwokoa si chombo alichokuwa nacho mfukoni. Ni ujuzi uliokuwa mikononi mwake.

Mfano wa karibu nasi uko Kikuyu, magharibi ya Nairobi. Huko David Kinjah, mwanzilishi wa kikundi cha Safari Simbaz, amewalea vijana wengi katika uendeshaji wa baiskeli, akiwafundisha pia kuzitengeneza. Mmoja wa vijana aliowafundisha zamani ni Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, na ambaye baadaye alishinda Tour de France katika miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017.

Basi siku ya kununua zana zako, usizihifadhi bado. Jioni hiyo hiyo fanya mazoezi haya matatu. Kwanza, legeza gurudumu la nyuma, livute nyuma mpaka mnyororo ubaki na mchezo wa sentimita moja hivi katikati, hakikisha tairi limesimama katikati ya fremu, kisha kaza nati za kushoto na kulia kwa zamu. Pili, toa tyubu na uirudishe. Tatu, legeza na kaza breki, ukazijaribu kabla ya kupanda. Tumia zana zile tu zilizomo katika mfuko wako, wala usiazime ya jirani. Jambo likikushinda sebuleni, penye taa na kiti, litakushinda zaidi gizani penye mvua.

YASIYOTENGENEZWA NJIANI

Hata hivyo mtu mwenye akili ajua mpaka wa zana zake. Uma wenye ufa, fremu iliyovunjika, usukani unaozunguka peke yake baada ya kukazwa, na breki isiyoshika, hayo si mambo ya kufungwa kwa kamba ili mtu aendelee. Ikokote baiskeli. Kuchelewa kwaudhi, lakini kuanguka mbele ya lori katika Barabara ya Outer Ring hakuna kiraka.

Zana nazo zataka kutunzwa. Zipanguse matope, zipake mafuta kidogo, zifunge katika kitambaa ili zisigongane, na mfuko wake usiuache juu ya baiskeli unapoingia dukani.

Jirani yetu wa Fedha aliiuza ile zana yake ya vichwa 18 kwa kijana mwenye baiskeli ya gia, ambaye anaitumia mpaka leo na kuisifu sana. Kwa fedha alizopata alinunua spana moja ya 15, spana ndogo ya 8 na 10, vijiti viwili vya tairi, na viraka na gundi. Pampu alikuwa nayo. Amevishona vyote katika mfuko wa turubai chini ya kiti. Having'ai, wala hakuna atakayesimama kuvitazama. Lakini kila kimoja kimekwisha ingia katika nati yake mara nyingi, naye anafika Tassia kabla ya saa kumi na mbili.